Waraka wa Januari na Maswali ya Mkulima

Kila mwaka mpya unapoanza, watumishi wa ugani walioajiriwa na vyuo vikuu vya Marekani hupokea waraka kutoka kwa wakuu wao. Yaliyomo hayatofautiani sana kutoka jimbo hadi jimbo: tarehe ya mwisho ya kuwasilisha taarifa za utekelezaji wa mwaka uliokwisha, fomu za tathmini ya utendaji, mafunzo ya lazima kuhusu haki za kiraia na usalama wa kompyuta, kiwango kipya cha malipo kwa anayetumia gari lake kikazi, nafasi zilizojazwa na zilizoachwa wazi, na ratiba ya mikutano. Hakuna hata moja kati ya hayo linalofaa kudharauliwa. Afisa ugani anayehudumia kaunti nzima peke yake anahitaji kujua kama kila maili atakayoendesha italipwa senti 70, kama ilivyokuwa mwaka 2025, au zaidi, kwa kuwa idadi ya mashamba atakayoweza kuyafikia inategemea hesabu hiyo. Lakini waraka wa aina hii aghalabu humweleza mtumishi ofisi inataka nini kwake, na hukaa kimya kuhusu yale waliyouliza wakulima mwaka uliopita, nani aliwajibu, na lipi lilibaki bila jibu. Hoja ya makala haya ni kwamba ukimya huo una madhara. Huduma ya ugani ya chuo kikuu ina sababu moja tu ya kuwapo, nayo ni kuunganisha shamba na maabara kwa njia inayopitika pande zote mbili. Waraka wa mwaka mpya ndio mahali pazuri zaidi pa kuonyesha kama njia hiyo bado iko wazi.

Uzito wa jambo hili unaonekana tukirejea jinsi ugani huo ulivyojengwa. Julai 2, 1862, Rais Abraham Lincoln alitia saini Sheria ya Morrill, iliyolipatia kila jimbo ekari 30,000 za ardhi ya serikali kuu kwa kila seneta na kila mwakilishi wake bungeni, ili mapato ya ardhi hiyo yaanzishe vyuo vya kilimo na ufundi. Ardhi yenyewe ilikuwa imetwaliwa kutoka kwa mataifa ya wenyeji wa asili, na deni hilo vyuo vingi vinaendelea kudaiwa hadi leo. Mwaka 1887 Sheria ya Hatch ikaongeza vituo vya utafiti. Kufikia hapo vyuo vilikuwa na walimu, mashamba ya majaribio na vitabu, lakini mkulima aliyekaa mwendo wa siku mbili kutoka chuoni hakuona faida yake. Ndipo Mei 8, 1914, Rais Woodrow Wilson akatia saini Sheria ya Smith-Lever, iliyounda huduma ya ugani kwa ushirikiano wa serikali kuu, chuo kikuu cha jimbo na kaunti. Kila upande ulitakiwa kuchangia. Muundo huo ulikuwa na maana kubwa: afisa anayelipwa kwa sehemu na kaunti hawezi kuwa mjumbe wa chuo peke yake, kwa sababu wanaochangia mshahara wake wanakutana naye sokoni na kanisani, nao wana haki ya kumuuliza amewaletea nini.

Kabla hata ya sheria hiyo, kazi yenyewe ilikuwa imeanza kutokana na shida za watu mashambani. Mwaka 1903, mtaalamu wa kilimo Seaman Knapp alikwenda Terrell, Texas, na kukubaliana na mkulima Walter Porter atumie sehemu ya shamba lake kujaribu mbinu bora za kilimo. Wafanyabiashara wa mji walichanga fedha za kumfidia endapo angepata hasara. Porter hakupata hasara. Wakati huo mdudu mharibifu wa vitumba vya pamba, aliyeingia Texas kutoka Meksiko katika miaka ya 1890, alikuwa akiwafilisi wakulima, na mafanikio ya Terrell yakaishawishi serikali kutoa fedha za kueneza mfumo huo wa mashamba ya mfano. Imani ya Knapp ilikuwa kwamba mkulima anaweza kutilia shaka anachoambiwa, hata anachoonyeshwa, lakini hawezi kukana alichokifanya kwa mikono yake. Mwaka 1906, katika Taasisi ya Tuskegee, chuo cha watu Weusi huko Alabama, mwanasayansi George Washington Carver na wenzake walitengeneza gari la kukokotwa na wanyama, lililojulikana kama Gari la Jesup, likasheheni zana, mbegu na vielelezo, likapelekwa kwa wakulima Weusi ambao hawakuwa na namna ya kufika chuoni. Thomas Campbell akaajiriwa mwaka huohuo kulisimamia, akawa miongoni mwa maafisa ugani wa kwanza kabisa nchini humo. Terrell na Tuskegee zinafundisha jambo moja. Mtaalamu alifika akikuta tatizo ambalo tayari lilikuwa na mwenyewe, na ufanisi wake ulipimwa kwa kuangalia kama tatizo hilo limepungua.

Makaratasi yaliingia baadaye, na yaliingia kwa nia njema. Mwaka 1993 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzitaka taasisi za serikali kuu zipime matokeo ya kazi zao. Mwaka 1998 likapitisha sheria nyingine ya kurekebisha utafiti, ugani na elimu ya kilimo, ambayo ilivitaka vyuo kuandaa mpango kazi na kuonyesha jinsi vilivyokusanya na kutumia maoni ya wadau kabla ya kupokea fedha. Sharti hilo la pili linapaswa kusisitizwa, kwa kuwa mara nyingi husahauliwa. Sheria yenyewe inadai mkulima asikilizwe kwanza. Kumsikiliza mkulima, kwa hiyo, kuna nguvu ya sheria sawa na kujaza fomu. Kilichotokea katika ofisi nyingi ni kwamba sehemu iliyo rahisi kuhesabika iliimeza ile iliyo ngumu. Idadi ya waliohudhuria semina huhesabika mchana mmoja. Kujua kama mwanamke aliyehudhuria semina ya hifadhi ya udongo alibadilisha namna anavyolima mteremko wake huchukua misimu mitatu na safari nyingi. Waraka wa Januari unapotaja takwimu za mahudhurio peke yake, unamfundisha mtumishi bila kumtamkia kwamba semina ya watu sitini ina thamani kuliko saa nne alizotumia na mfugaji mmoja akitafuta chanzo cha ndama wake kufa.

Kuna sababu ya kikalenda inayoifanya Januari kuwa mwezi wa kubadilisha mwelekeo huo. Mwaka wa fedha wa serikali kuu ya Marekani huanza Oktoba 1, na wa majimbo mengi huanza Julai 1. Mwaka wa mkulima wa mahindi au soya katika majimbo ya kati hauendi na tarehe hizo. Kwake, Januari na Februari ni miezi ya theluji, zana ziko ghalani, mbegu zinaagizwa, mikopo inajadiliwa benki, na ndiyo miezi anayoweza kukaa ukumbini siku nzima akisikiliza na kuuliza. Kwa hiyo mikutano ya majira ya baridi, pamoja na mafunzo ya wanaohitaji kuhuisha vyeti vya kutumia viuatilifu, hujazana katika kipindi hicho. Waraka unaomfikia mtumishi wiki ya kwanza ya mwaka unamkuta akijiandaa kusimama mbele ya watu hao. Akienda na kiwango cha malipo ya maili na tarehe ya kufunga taarifa bila kitu kingine, ameandaliwa kukutana na mhasibu. Wakulima watamkuta mikono mitupu.

Mfano wa mwaka 2024 unaonyesha gharama ya jambo hilo kwa undani. Dikamba ni kiuagugu kilichokuwa kikinyunyizwa juu ya soya na pamba zenye mbegu zilizobadilishwa kinasaba ili zisidhurike nacho. Shida yake ni kwamba hupeperuka, hasa siku za joto, na kudhuru soya ya jirani ambaye hakupanda mbegu hiyo, pamoja na matunda na bustani. Februari 6, 2024, mahakama ya shirikisho huko Arizona ilibatilisha vibali vya kukitumia kwa namna hiyo. Tarehe hiyo wakulima wengi walikuwa wamekwisha kuagiza mbegu, wengine wamelipia na dawa. Baada ya siku chache mamlaka ya mazingira ikatoa agizo la kuruhusu shehena iliyokwisha kutoka viwandani iuzwe na itumike msimu huo kwa masharti na mipaka ya tarehe. Katikati ya Februari, afisa ugani aliyesimama ukumbini aliulizwa maswali ambayo hayakuwa katika mpango kazi wowote. Je, mbegu nilizolipia zirudishwe? Dawa iliyo ghalani kwangu ni halali hadi lini? Jirani yangu akinyunyiza baada ya tarehe, nimshtaki wapi? Muuzaji wa dawa alikuwa na majibu yake, na wakili alikuwa na yake. Ni chuo pekee kilichoweza kutoa jibu lisilo na bei ndani yake, na ili kulitoa kilihitaji wataalamu wa magugu, sheria na uchumi wakutane siku hiyohiyo na kuwatumia maafisa wa kaunti maelezo ya ukurasa mmoja wanayoweza kuyasimamia.

Mwezi mmoja na nusu baadaye, Machi 25, 2024, idara ya kilimo ya Marekani ilitangaza kuthibitishwa kwa homa kali ya ndege katika ng'ombe wa maziwa wa Texas na Kansas, jambo ambalo wafugaji hawakuwa wamelitarajia. Tena mpango kazi ulikuwa umekwisha kuandikwa. Tena maafisa waliulizwa kuhusu maziwa, kuhusu paka wa zizini, kuhusu vibarua wanaokamua kwa mikono mitupu. Matukio haya mawili hayapunguzi thamani ya mpango kazi. Yanaonyesha kwamba mpango mzuri huacha nafasi ya yasiyotarajiwa, na huandika wazi nani atakayejibu yanapotokea. Waraka wa mwaka mpya ungeweza kusema hivi kwa sentensi mbili: sehemu fulani ya muda wa kila mtumishi haikupangiwa kazi, na kutoitumia kwa semina zilizopangwa hakutahesabiwa kuwa uzembe. Sentensi hizo mbili zingewalinda watu wanaofanya kazi ngumu kuliko zote, ile ya kujibu jambo ambalo hakuna aliyelifundisha bado.

Pingamizi la kwanza, na lenye nguvu, ni kwamba taarifa ndizo zinazoleta fedha. Bila idadi, bunge litauliza ugani unafanya nini, na kaunti itakata mchango wake. Pingamizi hili lina ukweli, na mtu anayeongoza idara yenye mishahara ya mamia ya watu hawezi kulipuuza. Lakini tazama yaliyoupata mpango wa elimu ya lishe kwa familia zenye kipato kidogo, ujulikanao kama SNAP-Ed. Ulikuwa miongoni mwa mipango yenye taarifa na takwimu nyingi sana katika ugani wote. Sheria ya bajeti iliyosainiwa Julai 4, 2025 iliufutia fedha, ukakoma Septemba 30 mwaka huo, na vyuo katika majimbo mengi vikalazimika kuwaachisha kazi walimu wa lishe. Siku iliyofuata, Oktoba 1, serikali kuu ikafunga shughuli zake kwa siku 43. Wala haifuati kwamba taarifa hazina maana, kwani mpango huo ulifutwa kwa sababu za kisiasa ambazo fomu yoyote isingezizuia. Kinachofuata ni kwamba takwimu peke yake hazimpi mtu mtetezi. Sehemu ya ugani iliyo imara katika siku za msukosuko ni ile ambayo wakulima wenyewe, wafugaji wenyewe na wazazi wa watoto wa vilabu vya vijana vya 4-H huinuka kwenye kikao cha kaunti kuitetea. Watu hutetea huduma iliyowahi kujibu swali lao. Kwa hiyo hata kwa mantiki ya fedha, maswali ya mkulima yanastahili nafasi ya kwanza, na taarifa zitakuwa na nguvu zaidi zikijengwa juu ya maswali hayo.

Pingamizi la pili husema kwamba mkulima wa leo hamhitaji tena afisa, kwa kuwa simu inampa kila kitu na wauzaji wa pembejeo wana wataalamu wao. Jibu lake ni la zamani. Mwaka 1943 watafiti Bryce Ryan na Neal Gross walichapisha uchunguzi wao kuhusu kuenea kwa mahindi chotara katika jumuiya mbili za Iowa, wakiwa wamewahoji wakulima zaidi ya 250. Waligundua kwamba wengi walisikia habari za mbegu mpya kwa mara ya kwanza kutoka kwa wauzaji wa mbegu, lakini kilichowashawishi kuzipanda kilikuwa hasa majirani. Kupata habari na kuiamini ni hatua mbili tofauti. Simu imeirahisisha hatua ya kwanza kiasi cha kuifanya kuwa mzigo: mkulima ana video kumi zinazopingana kuhusu dawa moja. Hatua ya pili bado inahitaji mtu anayejulikana, asiye na kamisheni, anayeweza kusimama kwenye udongo wa shamba lile na kusema kwamba ushauri huu unafaa hapa, na ule haufai. Wingi wa habari umeongeza haja ya afisa wa namna hiyo.

Pingamizi la tatu ndilo linalostahili kuogopwa. Ukisema mkulima asikilizwe, unamaanisha mkulima gani? Sensa ya kilimo ya Marekani ya mwaka 2022 ilihesabu mashamba takriban milioni 1.9. Yale yenye mauzo ya dola milioni moja au zaidi kwa mwaka yalikuwa asilimia 6 tu, lakini yaliuza zaidi ya robo tatu ya mazao yote. Yenye mauzo ya dola 50,000 au chini yake yalikuwa asilimia 74, na yaliuza asilimia 2. Wenye mashamba makubwa wana muda, wawakilishi na namba za simu za wakuu wa vyuo. Ukifungua mlango na kungoja, watakaoingia ni wao. Historia ya ugani huo inaonya vikali: chini ya Sheria ya Smith-Lever, katika majimbo ya kusini, fedha zilidhibitiwa na vyuo vya Wazungu, na wakulima Weusi walipata mabaki, ingawa Tuskegee ilikuwa imeonyesha njia miaka minane kabla ya sheria hiyo. Kwa hiyo kusikiliza kunahitaji utaratibu. Orodha ya maswali iliyomo ndani ya waraka ionyeshe yalitoka kwa nani: wenye ekari chache, wakulima wa mbogamboga mijini, vibarua wa mashambani, wanaozungumza Kihispania au Kisomali, vijana wanaotaka kuanza wakati wastani wa umri wa mkulima ni miaka 58. Mafunzo ya haki za kiraia, ambayo watumishi wengi huyaona kama kero ya Januari, yangepata maana yake halisi yakiambatanishwa na orodha hiyo. Mtumishi angeona kwa jina la kijiji ni watu gani ambao hakuna aliyewafikia.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kulifuatilia suala hili, kwa kuwa ugani wetu umejengwa kwa mpangilio tofauti lakini una ugonjwa unaofanana na huo. Tanzania Bara, utafiti uko katika Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1984. Maafisa ugani wa kata na vijiji wameajiriwa na halmashauri, chini ya TAMISEMI, inayosimamia serikali za mitaa, wakati miongozo ya kitaalamu inatoka Wizara ya Kilimo. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 ilihamishia sehemu kubwa ya kazi hiyo kwenye kaunti. Afisa wetu, basi, hapati waraka kutoka kwa mtafiti aliyemjibu mkulima, kwa sababu mtafiti na afisa wana waajiri tofauti. Aprili 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Dodoma ugawaji wa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani, pamoja na vifaa vya kupimia afya ya udongo. Hatua hiyo ilikuwa kubwa katika nchi ambayo wakati huo maafisa walikuwa hawajafika 7,000 na mahitaji yalizidi 20,000. Pikipiki humfikisha afisa shambani. Haimpi jibu la kumpelekea mkulima, wala haibebi swali la mkulima hadi Morogoro. Viwavijeshi vamizi vilipoingia katika mahindi yetu mwaka 2017, wakulima walianza kutumia majivu, mchanga na hata sabuni ya unga kabla ushauri rasmi haujawafikia. Baadhi ya mbinu hizo zilikuwa na mantiki na zilistahili kupimwa. Kungekuwa na njia ya kuzipeleka haraka kwa watafiti, zingekuwa zimeongoza utafiti tangu msimu wa kwanza.

Waraka unaofaa, kwa hiyo, hauhitaji fedha mpya. Ukurasa wake wa kwanza uorodheshe maswali kumi au kumi na mawili yaliyoulizwa zaidi mwaka uliopita, kwa maneno ya walioyauliza. Kando ya kila swali liandikwe jibu lililopo, au jina la idara iliyopewa kulitafuta na tarehe ya kurudisha majibu. Ukurasa wa pili ueleze kilichobadilika katika sheria, bei, magonjwa na hali ya hewa tangu msimu uliopita, kwa ufupi unaoweza kusomwa mbele ya mkutano. Tarehe za taarifa, malipo ya usafiri, mafunzo ya lazima na mabadiliko ya watumishi yafuate hapo, yote kwa ukamilifu, kwa kuwa mtumishi asiyelipwa na asiyejua taratibu hawezi kumsaidia mtu. Na Desemba inapofika, tathmini ya chuo ianze kwa kurudi kwenye orodha ile ya kwanza: maswali mangapi yalijibiwa, na mangapi yameachwa. Kwa kipimo hicho mkuu wa ugani naye anakuwa na tarehe ya mwisho ya kuwasilisha, kama anavyowapangia walio chini yake. Chuo kilichoanzishwa kwa ardhi ya umma na kuendeshwa kwa kodi ya umma kinawiwa na wakulima majibu kabla ya kuwadai watumishi wake taarifa. Kikiuanza mwaka kwa kulikiri hilo kwa maandishi, na kwa majina ya wanaohusika, takwimu zake za mwisho wa mwaka zitakuwa na kitu cha kueleza.